Mtego Usio na Koo

Je, mtu akisema asichokijua, na watu wakakiandika, huo ni uongo au ni kosa tu? Nililala na swali hilo karibu mwezi mzima, kwenye chumba cha ghorofa ya tatu katika mji wa mbali ambako kiangazi hakina giza la kutosha. Saa tatu usiku jua lilikuwa bado liko kwenye ukuta wa mbele ya dirisha langu. Nilivuta pazia, nikageuza mto, nikajiambia kwamba ni kosa. Baada ya dakika chache nilijiambia kwamba ni uongo. Kengele ya mnara ililia kila robo saa, na kila ilipolia ilinikuta nimehamia upande mwingine.

Sitautaja mji wenyewe. Watu wake walinitendea vizuri, na aibu ninayoieleza hapa ni yangu. Ni mji wa zamani sana, umezungukwa na ukuta wa mawe, una vichochoro ambavyo gari halipiti, na ngazi zake zimelika katikati kwa miguu ya watu waliokwishakufa. Nilikwenda kwa wiki sita kujifunza utunzaji wa vitu vya kale. Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya historia, na tangu nimalize sikuwa nimepata kazi yoyote zaidi ya kufundisha tuisheni watoto wa majirani pale Ifakara. Mafunzo yale niliyaona kama mlango wa mwisho. Mimi huona mambo mengi kama mlango wa mwisho. Mama yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, husema nilizaliwa nikiwa na wasiwasi kwamba nimechelewa.

Wiki ya tatu walitupeleka kwenye makumbusho ya mji. Hatukupita kule wageni wanakokata tiketi. Tulishuka chini, ghalani, ambako vitu ni vingi kuliko vilivyo juu, vimepangwa kwenye rafu za chuma, kila kimoja na kadi yake. Tulivaa glavu nyeupe. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ndogo kana kwamba vitu vile vimelala na hataki kuviamsha. Alimpangia kila mmoja kitu cha kuchunguza. Wenzangu walipata sahani, kufuli, kiatu cha mtoto. Mimi aliniongoza hadi mwisho wa meza, akafunua kitambaa.

Ulikuwa mgono.

Asiyeujua mgono afikirie kikapu kirefu kilicholazwa, kimesukwa kwa vijiti vya matete vilivyofungwa pete kwa pete kwa kamba. Mbele kina mdomo mpana. Ndani ya mdomo kuna koo, yaani vijiti vyembamba vilivyoelekezwa ndani, vikizidi kubanana kadiri vinavyokwenda. Samaki hupenya akiingia. Akitaka kurudi, ncha zinamzuia. Kwa mitego hiyo babu yangu mzaa mama alivua kambale na perege katika mto Kilombero maisha yake yote, na kwa samaki hao mama yangu alisoma hadi akawa mwalimu.

Niliinama kuunusa. Nilijua harufu ya mgono, tope la mto na moshi wa jikoni vimechanganyika, lakini huu haukuwa na harufu yoyote. Kadi yake, iliyoandikwa kwa mwandiko wa zamani, ilisema: mtego wa samaki, bonde la Kilombero, umeharibika.

"Umeharibika kweli?" mwalimu aliuliza. Alipitisha kidole chenye glavu ndani ya mdomo wa mtego. Koo halikuwepo. Palikuwa pamebaki mabua mafupi tu. "Sehemu nyingine zote ni nzima kabisa. Kwa nini iharibike hii peke yake? Kwenye barua yako ya maombi uliandika kwamba babu yako alikuwa akisuka mitego hii, na kwamba umerithi ujuzi wake."

Nilikuwa nimeandika hivyo, kwa maneno hayohayo.

Wenzangu walikuwa wameacha sahani zao na kufuli zao, wamesogea. Watu kumi na mmoja walinitazama kwa upole, wakisubiri mtu wa mto aseme habari za mto. Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi katika lugha zote. Lakini nilifikiria kwamba nikisema sijui, ataikumbuka barua, na akiikumbuka barua atajiuliza ni nini kingine humo ambacho si kweli, na nafasi ile nimepewa mimi wakati wengine wamekosa. Mawazo yote hayo yalipita kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikasikia sauti yangu.

"Huu haukuwa wa kuvulia," nilisema. "Ni wa wafu. Koo huondolewa ili roho ya mvuvi ipite na kutoka upande wa pili."

Mwalimu alikuwa anaandika. Alipomaliza aliniwekea mkono begani. "Haya ndiyo mambo ambayo kadi haiwezi kutuambia," alisema. Akanipiga picha nikiwa nimeushika mgono, na mimi nikaupiga picha kwa simu yangu, yeye akiwa ameuinua kunielekezea mdomo. Nilitabasamu katika ile picha aliyonipiga, ambayo baadaye alinitumia. Nimeitazama mara nyingi, na nashangaa jinsi tabasamu lenyewe linavyoonekana la kweli.

Jioni ile nilipika wali katika jiko la pamoja la wanafunzi. Mchele wa kule hauna harufu, unatoka mweupe na kila punje imesimama peke yake. Nilikula nimesimama dirishani. Chini watu walikuwa wanakunywa na kucheka mezani barabarani, jua limewapiga nyusoni, na nilijisikia kama mtu aliyeiba kitu katika nyumba ya mwenyeji wake na sasa anasubiri kuagwa.

Ningeweza kumpigia bibi simu na kumuuliza. Bibi hana simu, lakini mjomba wangu anaishi uani kwake. Nilipiga siku ya nne. Mjomba aliita, "Profesa wa Ulaya," na akampelekea bibi simu. Niliuliza habari za mpunga, akasema wamevuna, ndege wameacha cha kutosha. Niliuliza habari za mguu wake. Niliuliza habari za kuku. Swali lilikuwa mdomoni na halikutoka, kwa sababu ili niliulize ilinipasa kwanza nikiri kwamba siku ndugu zangu waliposhuka mtoni baada ya kumzika babu, sikuwepo. Hapo ndipo mzizi wa jambo lote ulipo, na lazima niueleze.

Babu alifariki mwaka mmoja kabla ya safari yangu. Alikuwa mzee, aliumwa wiki mbili, akazikwa nyuma ya nyumba yake, kijijini, karibu na mto. Tulikaa matanga pale, mimi nikilala na wanaume nje. Asubuhi ya siku ya tatu niliamka mapema, nikapanda bodaboda kurudi mjini Ifakara, kwenye duka la intaneti karibu na stendi. Siku ile ilikuwa ya mwisho kupokea maombi ya mafunzo yale. Nilikuwa nimeandika barua karibu yote wiki mbili nyuma, ikiwa imebaki aya moja tu, ile ya kueleza kwa nini mimi na si mwingine.

Umeme ulikuwa umekatika. Nilikaa nikasubiri. Saa nne mjomba akapiga.

"Uko wapi? Tunashuka mtoni."

"Nakuja mjomba, namalizia kitu kidogo."

"Kitu gani?"

"Cha shule."

"Tutakusubiri kidogo," alisema.

Umeme ulirudi saa tano na nusu. Nikaandika ile aya. Niliandika kwamba nimelelewa kando ya mto, kwamba babu yangu amefariki wiki hii hii, na kwamba mimi ndiye niliyerithi ujuzi wake. Nakumbuka nililia nikiiandika, na machozi yalikuwa ya kweli, na hata wakati nalia nilikuwa nafikiria kwamba aya hii ni nzuri, itawagusa. Nikaituma. Nilipofika kijijini, watu walikuwa wamerudi kutoka mtoni zamani, wameoga, wanakula. Hakuna aliyenigombeza. Mmoja wa watani wa ukoo wetu, mama mnene ambaye tangu asubuhi alikuwa amevaa koti la babu na kutembea akichechemea kama yeye ili watu wacheke, alinitazama na kusema, "Huyu amekuja kuosha vyombo." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikaenda kuosha vyombo. Sikuuliza walikwenda kufanya nini mtoni. Niliona aibu kuuliza, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu, hadi ikawa jambo lisiloulizika.

Wiki sita ziliisha. Nilirudi kwa ndege, kisha basi, kupitia Mikumi na Kidatu, ambako baba anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa na alikuja stendi kunishika mkono dirishani kwa dakika mbili. Nilipofika Ifakara mama alikuwa amepika wali. Harufu yake niliikuta tangu mlangoni, na nikashindwa kula vizuri.

Siku ya nane ikaja barua pepe ya mwalimu. Makumbusho yalikuwa yanaandaa maonyesho mapya, na mgono ulikuwa umechaguliwa kupandishwa juu, uwekwe kwenye kabati la kioo. Alinitumia maneno yatakayoandikwa pembeni yake. Yalianza hivi: "Kwa mujibu wa mjukuu wa mvuvi wa bonde hilo, mtego huu ulitengenezwa kwa ajili ya roho za wafu." Aliniomba niyathibitishe kabla ya Ijumaa. Chini yake aliongeza kwamba amezungumza na wenzake chuoni, kwamba mwakani kuna nafasi ya shahada ya pili, na kwamba wangependa sana niandike pendekezo kuhusu mitego ya wafu ya Kilombero. "Ni wewe tu unayeweza kulifanya," aliandika.

Nilisoma barua ile mara nyingi sana. Nilichotakiwa kujibu kilikuwa neno moja, ndiyo. Ndiyo ingenipa miaka miwili ya masomo. Nikisema hapana, nitabaki pale Ifakara na watoto wa tuisheni, na mwalimu yule mpole atajua kwamba aliweka mkono begani mwa mwongo. Nilijaribu kujishawishi. Nani anajua walichofanya watu wa zamani? Pengine nimesema kweli bila kujua. Ilikuwa Jumanne. Jumatano asubuhi nilipanda bodaboda kwenda kwa bibi, nikiwa na simu yenye ile picha.

Nilimkuta jikoni, nyumba ndogo ya udongo iliyo pembeni ya nyumba kubwa, anapepeta mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani huyo? Nasikia sauti ya mume wangu, lakini naona mifupa."

"Ni mimi bibi."

"Kule hawali?"

"Wanakula. Viazi."

"Nimewaazima mume wiki sita, wamenirudishia kuni," alisema, akanisogezea kigoda. Bibi ameniita mume wake tangu nikiwa mtoto, na babu alikuwa akiniita mwenzake, akinitishia kwamba nikimpikia bibi ugali mbichi ataniachia wote wawili, bibi na sufuria. Tangu afe, bibi ameendelea na utani, lakini huusema akiwa anatazama kazi iliyo mikononi mwake.

Nilimpa zawadi yake, kitambaa cha kichwa. Akakisifu, akakikunja. Ndipo nikafungua simu na kumwonyesha picha. Aliishika mbali na macho, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Huu wa nani?"

"Haijulikani bibi. Ni wa zamani. Upo kule, kwenye nyumba wanakohifadhi vitu."

"Nauliza mwenyewe. Huu una mwenyewe, na amekufa."

"Umejuaje?"

"Si umekatwa koo." Akanirudishia simu. Alinitazama, na nilijua kwamba anaikumbuka ile siku na yuko tayari kuniacha niseme mwenyewe. Sikusema. Akaurudia ungo wake. "Wewe hukuwepo," alisema.

"Sikuwepo bibi. Nilikuwa mjini. Walikwenda kufanya nini?"

Alipepeta kidogo kabla ya kujibu.

"Mvuvi akifa, migono yake inabaki majini. Mwingine ameuficha kwenye matete, anaujua yeye peke yake. Samaki anaingia leo, hakuna wa kumtoa. Kesho anaingia mwingine. Wanaoza mle, na wanaofuata wale waliooza nao wanaingia. Unaua tu, na hakuna anayekula. Sasa siku ya tatu watoto na wajukuu wanakwenda kuitafuta, wanaitoa. Kila mtu anakata koo la mmoja. Anaacha vijiti vitatu, ili atakayeuona ajue umekatwa na mtu, haukutafunwa na panya. Halafu inawekwa pale alipolala mwenyewe. Babu yako alifanya hivyo kwa baba yake, na mimi nilikuwa nimeolewa juzi tu, nikaona."

"Na roho?"

"Roho ya nani?"

"Ya marehemu. Haipiti pale? Kwenye mgono, koo likishatolewa?"

Bibi aliweka ungo chini. Alinitazama kuona kama natania, kisha akaanza kucheka, kicheko cha kutoka ndani kabisa, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Babu yako apite kwenye mgono? Na lile tumbo?"

Na mimi nilicheka. Kwa muda kidogo ilikuwa kama zamani, babu akiwa uani anasokota kamba na kutuuliza tunacheka nini. Kisha bibi akatulia.

"Nani amekuambia mambo ya roho?"

"Hakuna bibi. Nilisema mimi. Waliniuliza, nikasema."

"Ulisema kwa sababu gani?"

"Sikutaka kusema sijui."

Hakunikaripia. Ningefurahi kama angenikaripia. Aliinua mkono akaonyesha juu, chini ya paa la jiko, penye moshi. Kati ya mahindi ya mbegu na fagio la zamani ulining'inia mgono, mweusi kwa masizi. Nilikuwa nimekula chini yake mara nyingi mwaka ule, kila nilipokuja kumsalimia, na sikuwahi kuutazama.

"Ule wako," alisema. "Mjomba wako alitaka kuukata siku ile ile, nikamwambia aache. Nilisema mwenyewe atakuja kuuliza."

Nilikaa kwenye kile kigoda nikihesabu mara nilizokuja: Krismasi, Pasaka, wakati wa kupalilia, siku ya kuaga. Mara zote hizo yeye alikuwa anangoja, na mimi nakula na kuondoka. Nikaangalia tena picha kwenye simu, nikaivuta iwe kubwa. Mabua yaliyobaki mdomoni mwa ule mgono wa makumbusho yalikuwa yamekatwa mshazari, safi, kwa kisu. Mawili niliyaona wazi. Mahali pa tatu palifunikwa na kidole cha mwalimu, chenye glavu nyeupe. Nilimwonyesha bibi. Alitazama kwa muda mrefu zaidi kuliko mara ya kwanza.

"Sasa huyu aliyeuchukua," alisema, "aliutoa wapi? Si wanauweka pale…" Hakumalizia. Baadaye kidogo aliuliza kama wanautunza vizuri, hauliwi na mchwa. Nilimwambia hakuna mchwa, kuna kioo. Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kusikitika.

Nilirudi mjini bila kuukata. Nilimwambia bibi nitakuja Ijumaa, akasema, "Umeshazoea kusubiriwa," kwa utani, na maneno yale nikaenda nayo njia nzima.

Mtu mwingine angekuwa ameshaamua. Mimi nilikaa Jumatano ile na Alhamisi yote nikiandika barua na kuzifuta. Katika barua ya kwanza nilirekebisha maneno kidogo tu, kwamba mtego "unahusiana na kifo", jambo ambalo ni kweli na lingemridhisha kila mtu. Uongo wangu ulikuwa umekaa karibu sana na ukweli, na hilo ndilo lililonitesa. Ningeweza kuusogeza hatua moja na hakuna ambaye angejua. Katika ya pili nilieleza desturi yenyewe, lakini nikaandika kana kwamba niliijua tangu mwanzo na wao ndio hawakunielewa. Niliisoma, nikaona jinsi ilivyoandikwa vizuri, na nikaitambua. Ilikuwa sauti ya ile aya niliyoiandika stendi huku nalia.

Mama alinikuta mezani. Nilimweleza yote kwa kifupi, pamoja na ile nafasi ya mwakani. Alisahihisha madaftari mawili kabla ya kusema chochote.

"Ukisema ukweli watakunyima?"

"Sijui mama. Wanataka mtu anayejua."

"Na wewe unajua?"

"Najua tangu jana."

"Haya," alisema, na kuchukua daftari la tatu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Yeye ndiye aliyeuza mpunga wa msimu ili niende kwenye usaili wa viza, na nilijua kwamba naye alikuwa ameshaniona nikiwa kule miaka miwili. Hakuniambia nifanye nini. Nafikiri ilimgharimu kutoniambia.

Ijumaa asubuhi nilikuwa kwa bibi kabla jua halijapanda. Mjomba alikuwepo, akanipokea begi. "Profesa. Leo hakuna kitu kidogo cha kumalizia?"

"Hakuna mjomba."

Akapanda juu ya kinu, akaushusha mgono. Masizi yalitumwagikia. Nilipousogeza usoni nilikuta ile harufu, moshi, na chini ya moshi, kwa mbali, tope la mto. Tulikwenda nyuma ya nyumba, sisi watatu. Kaburi la babu, ambalo sikuwa nimelikaribia tangu mazishi, lina msalaba wa saruji. Migono mingine ilikuwa bado pale juu ya udongo, lakini masika yalikuwa yameilaza, na michache tu bado ilionekana kuwa migono. Wangu ulikuwa mzima, imara, kana kwamba umesukwa juzi. Nilijua kwamba ni babu ndiye aliyefunga kila fundo lile, na kwamba huenda hii ndiyo kazi yake ya mwisho ambayo bado inaweza kuua.

Nilipiga magoti. Mjomba alinipa kisu chake. Koo lilikuwa gumu kuliko nilivyodhani, vijiti vimekauka kwa moshi, na nilikuwa naogopa kukata kamba isiyopaswa kukatwa. Nilikata kidogo, nikaacha, nikatazama, nikakata tena.

"Hicho ni kisu, si kalamu," mjomba alisema. "Bonyeza."

"Mwache," bibi alisema. "Si mkono wako."

Nilibonyeza. Vijiti vilitoka kimoja kimoja, na kila kimoja kilitoa sauti ndogo. Vilipobaki vitatu nikasimama. Niliuweka mgono karibu na msalaba, mdomo wake ukielekea mtoni, kisha nikamuuliza bibi kama huelekezwa huko. Alisema popote tu. Nilitaka kumwambia babu kitu. Nilikuwa nimeandaa sentensi nzuri njiani, nikaiacha. Nilisema tu, "Babu, nimechelewa," kwa sauti ya kusikika, mbele yao, na hapo nikalia. Bibi alisimama pembeni yangu akitazama migono iliyooza, mkono wake kichwani mwangu, bila utani.

Tulipotulia nilitoa simu. Niliupiga picha mgono, mdomo wake wazi, vijiti vitatu vikionekana vyote. Mtandao pale ni dhaifu, kwa hiyo nilisogea hadi kwenye kichuguu kilicho kati ya kaburi na shamba, na hapo hapo, nimesimama, nikaandika barua ya tatu. Sikuipanga. Niliandika kwamba nilichosema ghalani nilikibuni, kwa sababu niliona aibu kusema sijui. Kwamba sikuwa nimerithi ujuzi wowote, na siku ujuzi huo ulipokuwa unatolewa mimi nilikuwa naandika barua ya kuomba mafunzo yao. Nikaeleza desturi kama bibi alivyonieleza, na nikasema sina uhakika kama ule wa kwao ni hivyo, ila waangalie mdomoni, mahali kilipokuwa kidole chake, kama kuna kijiti cha tatu. Kikiwepo, basi mtego huo haukuharibika, ulikatwa na mtoto au mjukuu wa mtu, na uliondolewa juu ya kaburi, na nadhani hilo linapaswa kuandikwa kwenye kadi. Nikaandika kwamba kwa hiyo pendekezo la mitego ya wafu siwezi kuliandika. Nikamshukuru. Nikaambatisha picha.

Nilitaka kuisoma tena. Kidole kilikuwa kimeshaenda juu kurudi mwanzo wa barua.

"Profesa," mjomba aliita, "bibi anasema chai inapoa."

Nikaituma. Nilisimama pale kwenye kichuguu hadi alama ilipoonyesha kwamba imekwenda, kisha nikashuka.